Mlima usio na jina: Funzo la matangazo ya zamani ya kahawa

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wana msemo wao, kwamba biashara ni matangazo. Misemo hii miwili haiwezi kulala chumba kimoja bila kugombana, na kwa mkulima wa kahawa ugomvi huo si wa maneno matupu. Unagusa bei anayolipwa mwisho wa msimu.

Mkulima wa Kibosho, Mbinga au Mbozi amelelewa katika msemo wa kwanza. Kila bwana shamba aliyepita kwake amemwambia achume mbivu tu, amenye siku hiyo hiyo, aoshe vizuri, aanike juu ya vichanja, kisha asubiri, maana kahawa nzuri itajulikana yenyewe sokoni. Ushauri huo una faida na hakuna sababu ya kuupuuza. Lakini yako matangazo ya zamani ya kahawa, yale yaliyorushwa na televisheni za Marekani kati ya miaka ya 1960 na 1980, ambayo yanasema habari nyingine kabisa. Mengi yamehifadhiwa na leo yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuyatazama. Akiyatazama kwa jicho la mkulima, ataona kuwa katika soko lile kubwa kahawa nzuri haikujiuza hata siku moja. Iliuzwa na watu, kwa fedha, na aliyetoa fedha ndiye aliyeamua jina lipi litajwe na lipi linyamaziwe.

Televisheni ya Marekani ilizaliwa na tangazo mgongoni. Tangazo la kwanza lililoruhusiwa rasmi lilirushwa New York Julai 1, 1941, kabla ya mchezo wa besiboli. Lilikuwa la saa za Bulova, na kampuni ililipa dola 9 tu. Baada ya vita kuu ya pili, kampuni za sabuni, dawa za meno, sigara na vyakula zilijazana katika chombo hicho kipya. Sabuni ndizo zilizokuwa mbele, kiasi kwamba michezo ya kuigiza ya mchana iliyodhaminiwa nazo ikabaki na jina la michezo ya sabuni mpaka leo. Mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Procter & Gamble wa Cincinnati, na mwaka 1963 kampuni hiyo ikanunua Folgers, kampuni ya kahawa iliyoanzia San Francisco. Ujuzi wa kuuza sabuni ukahamia kwenye kahawa.

Hapo ndipo alipotokea Bi Olson.

Bi Olson alikuwa jirani mwema, mama mwenye lafudhi ya Kiswidi, aliyeigizwa na Virginia Christine kwa miaka ipatayo 20. Hadithi ilikuwa moja tu, ikibadilishwa nguo. Mume anaonja kahawa ya mkewe, anakunja uso, anatoa neno la kuudhi. Mke anabaki na huzuni. Bi Olson anaingia na kopo la Folgers, anaeleza siri yake, na asubuhi inayofuata mume anaomba kikombe cha pili. (Kwa nini bwana yule hakusimama akachemsha kahawa yake mwenyewe ni swali ambalo watengenezaji wa tangazo hawakuliona.) Siri aliyoitoa Bi Olson ilikuwa hii: kahawa hiyo imeoteshwa mlimani.

Mlima upi? Hakusema. Uko nchi gani? Hakusema. Nani alipanda mibuni hiyo, nani aliichuma? Hilo halikuulizwa kabisa.

Karibu kahawa yote ya arabika duniani huoteshwa nyanda za juu, kwa hiyo maneno ya Bi Olson yangeweza kusemwa na mshindani yeyote aliyekuwa na arabika katika kopo lake. Hayakuwa uongo. Ni ujanja wa zamani katika kazi ya matangazo: chukua jambo ambalo wote wanalo, liseme wewe kwanza, na wateja wataamini ni lako peke yako. Mwenye duka la unga anayeandika ukutani kuwa sembe yake imetokana na mahindi halisi anafanya jambo hilo hilo.

Lakini kunyamazia jina la mlima kulikuwa na faida kubwa zaidi, na faida hiyo ndiyo inayomhusu mkulima. Kopo lilikuwa na mchanganyiko wa kahawa za nchi mbalimbali. Kama mteja hajui kahawa imetoka wapi, mkaangaji yuko huru kubadilisha. Baridi kali ikiunguza mibuni ya Brazili, anaongeza ya kwingine. Nchi fulani ikipandisha bei, anaipunguza katika mchanganyiko, na mama wa nyumbani wa Ohio hatagundua. Kopo ni lile lile, jirani mwema ni yule yule. Mkulima hana la kusema kwa sababu hayumo katika hadithi. Anaweza kuondolewa bila mtu kuuliza amekwenda wapi.

Maxwell House, kopo la mshindani, lilitumia njia nyingine ambayo wenye maduka wanapaswa kuitazama. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilimtumia Cora, mwenye duka la kijijini ambaye hakuweka kahawa nyingine yoyote katika rafu zake. Aliigizwa na Margaret Hamilton, mwigizaji aliyejulikana kote Marekani kwa kuigiza mchawi katika filamu ya watoto ya mwaka 1939. Kwa nini kampuni kubwa imlipe mwigizaji ajifanye mwenye duka? Kwa sababu ilijua kuwa mteja husikiliza sana neno la mwenye duka kuliko neno la kiwanda. Mteja akiuliza ipi nzuri, akajibiwa chukua hii, mauzo yamekwisha. Neno hilo kampuni zililinunua kwa fedha nyingi. Wenye maduka wa hapa hulitoa bure, na wengi hutoa na ukuta wa duka vilevile: wasambazaji wanakuja na rangi zao, wanapaka duka zima kwa jina la bidhaa yao, na mwenye duka anashukuru kwa kupakiwa rangi.

Sasa kuna tangazo la tatu, nalo halikulipiwa na kiwanda. Lililipiwa na wakulima.

Kolombia ya miaka ya 1950 ilikuwa katika hali ambayo mkulima wa Kilimanjaro ataitambua mara moja. Kahawa yake ilikuwa arabika iliyooshwa, yenye sifa nzuri, ikitoka katika mashamba madogo ya milimani. Wakaangaji wa Marekani waliipenda, ila waliitumia kama mpishi anavyotumia tui: kukoleza chungu chenye vitu vya bei rahisi, bila kulitaja mezani. Mwishoni mwa miaka hiyo dunia ilikuwa na kahawa nyingi kuliko iliyohitajika na bei zikaanguka. Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Kahawa la Kolombia, lililoundwa mwaka 1927, likaamua kuzungumza na mnywaji mwenyewe. Mwaka 1959 lilikwenda kwa Doyle Dane Bernbach, kampuni ya matangazo ya New York iliyokuwa pia ikitangaza vile vigari vya Volkswagen vyenye mgongo kama wa kobe.

Kampuni hiyo ikamtengeneza mkulima. Ikampa jina la kawaida kabisa, Juan Valdez, sawa na mtu wa hapa kuitwa Juma. Ikamvisha kofia pana, ikamtupia vazi la mfumaji begani, ikampa nyumbu aitwaye Conchita wa kubeba magunia. Kisha ikampeleka kwenye televisheni, na matangazo yakaanza kumweleza mama yule yule wa Ohio mambo ambayo hakuwahi kuambiwa: kwamba mibuni inataka kivuli na mvua, kwamba matunda hayaivi siku moja, kwamba mtu huyu huchuma kwa mkono tunda moja moja lililoiva na kuacha lililo bichi. Yale yale ambayo bwana shamba humwambia mkulima, safari hii aliambiwa mnunuzi. Tofauti na kopo la Bi Olson ilionekana wazi. Mlima sasa ulikuwa na nchi, na nchi ilikuwa na mtu.

Ilikuwa kazi ya miaka mingi. Mwigizaji wa kwanza, José Duval, alidumu hadi mwaka 1969. Akafuata Carlos Sánchez, Mkolombia halisi, aliyeshika nafasi hiyo hadi mwaka 2006 alipompisha Carlos Castañeda, mkulima wa kahawa kutoka jimbo la Antioquia. Mwaka 1981 sura ya Juan, nyumbu na milima vikawekwa katika nembo moja. Mkaangaji aliruhusiwa kuweka nembo hiyo kwenye kopo kama ndani kulikuwa na kahawa ya Kolombia tupu. Hapo uhuru wa kubadilisha mchanganyiko kimya kimya ukapata kizingiti, maana kopo lenye nembo haliwezi kujazwa kahawa ya kwingine. Na kampuni zilizotaka kuuza kopo hilo zikawa zinaitangaza Kolombia kwa fedha zao zenyewe. Mwaka 2002 shirikisho likafungua mgahawa wake wa kwanza wenye jina la Juan Valdez, na baadaye migahawa hiyo ikaenea hadi nchi za nje.

Fedha zilitoka wapi? Kwa mkulima, kwa makato ya kahawa inayouzwa nje. Sheria ya Kolombia ya mwaka 2007 iliweka mchango huo kuwa senti 6 za dola kwa kila ratili, karibu senti 13 kwa kilo. Si tangazo peke yake linalokula fedha hizo. Zinalipia pia utafiti, mabwana shamba na mpango wa kununua kahawa ya mkulima anapokosa mnunuzi mwingine. Mkulima wa Tanzania naye anakatwa: ushuru wa halmashauri, gharama za chama cha msingi na makato mengine. Kukatwa si jambo geni kwake. Jambo geni ni kuonyeshwa kile kilichonunuliwa kwa makato hayo.

Isidhaniwe kuwa Juan Valdez alikuwa mkombozi. Nguo zake zilikuwa safi mno kwa mtu anayetoka shambani. Hakuwa na deni la pembejeo, wala hakuumwa mgongo. Alikuwa mwigizaji, na hata sauti iliyomsimulia Sánchez kwa Kiingereza ilikuwa ya Mmarekani, Norman Rose. Kubwa zaidi, tangazo halikuzuia bei kuanguka. Julai 1989 mfumo wa kugawana mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei zikaporomoka, na mwaka 2001 zilifika chini kuliko zilivyowahi kuwa kwa miongo mitatu. Wakulima wa Kolombia waliumia kama wa Kagera na Kilimanjaro walivyoumia. Yeyote atakayewaambia wakulima kuwa nembo nzuri itawaondolea hatari ya soko la dunia anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Na yuko mfano wa wakulima waliolipia tangazo zuri kuliko yote na bado wakaondoka mikono mitupu. Mwaka 1986 bodi ya wazalishaji wa zabibu kavu wa California ilitoa tangazo la zabibu za udongo wa kufinyangwa, zenye miguu, mikono na miwani ya jua, zikicheza muziki. Marekani nzima iliwapenda wale vikaragosi. Wakatengenezewa sanamu, fulana, hata vipindi vyao vya televisheni. Watoto wakanunua sanamu. Tatizo ni kwamba mtoto anaweza kumpenda mwanasesere wa zabibu bila kula zabibu hata moja. Michango ilikuwa ya lazima, wazalishaji wakaanza kuuliza kinachorudi mashambani, wakagawanyika, na mwaka 1994 bodi ikafungwa. Tofauti na Kolombia haikuwa ubora wa tangazo. Juan Valdez alifungwa kwenye kopo: huwezi kumtumia bila kununua kahawa ya wakulima wake. Zile zabibu za udongo ziliweza kutembea peke yake, zikaenda.

Kwa nini mambo haya ya zamani yamsumbue mkulima wa hapa? Jibu la kwanza liko katika orodha ya bei za Shirika la Kimataifa la Kahawa, lenye makao London. Orodha hiyo inaigawa kahawa ya dunia katika makundi. Kahawa ya arabika iliyooshwa ya Tanzania, pamoja na ile ya Kenya, zimewekwa kundi moja na ya Kolombia, na kundi hilo linaitwa arabika laini za Kolombia. Kahawa ya chini ya mlima mrefu kuliko yote barani Afrika inapangiwa bei chini ya jina la nchi nyingine. Hakuna aliyeiba. Kolombia inauza kahawa nyingi zaidi, na kwa zaidi ya miaka 60 imekuwa ikilitaja jina lake mbele ya wanywaji. Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho mkulima wa Moshi hakuwa na hata televisheni ya kuangalia hayo yakitendeka, kwani Tanzania Bara haikuwa na kituo hadi mwaka 1994.

Jibu la pili liko Japani, na hili ni la kutia moyo kidogo. Huko jina Kilimanjaro linajulikana kwa wanywaji kwa miaka mingi, na limeandikwa kwenye makopo na pakiti madukani. Kanuni za lebo za wenye viwanda wa Japani zinalihifadhi kwa arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Maana yake ni kwamba kahawa ya Mbinga au Mbozi, mamia ya kilomita kutoka mlimani, inaweza kuuzwa huko kama Kilimanjaro. Lakini kanuni hizo hizo zinaruhusu mchanganyiko uitwe Kilimanjaro ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo. Asilimia 70 inayobaki inaweza kutoka kokote. Jina la mlima linafanya kazi ya gunia zima na linalipwa theluthi.

Ethiopia iliona jambo hili mapema. Mwaka 2005 serikali yake iliomba kusajili Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa mali yake. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kilipinga, likazuka zogo na kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 pande hizo mbili zikafikia makubaliano. Nchi maskini ilishindana na wakubwa bila kutengeneza tangazo hata moja la televisheni. Ilichohitaji ni mawakili, na kujua kwamba jina ni mali.

Vyama vikuu vya ushirika vinapenda kuzungumzia kutangaza kahawa ya Tanzania. Hutengenezwa vipeperushi, hupelekwa watu kwenye maonyesho ya nje, picha hupigwa. KNCU, chama kilichoundwa mwaka 1933, kina historia ambayo kampuni yoyote ya matangazo ingeililia. Lakini kabla ya kulipia kipeperushi kingine, wanachama wana haki ya kupewa majibu. Nani anamiliki jina Kilimanjaro katika kila nchi ambako kahawa hiyo inauzwa? Anayelitumia analipa nini, na kwa nani? Asilimia 30 inaweza kusogezwa hadi 50, na nani amewahi kukaa na Wajapani kuliomba hilo? Kama kutakuwa na makato ya matangazo, ni shilingi ngapi kwa kilo, na nani ataonyesha risiti?

Wengine watasema soko la nje ni kubwa mno, bora kuanza na mnywaji wa hapa. Hilo nalo ni kweli, na halihitaji Doyle Dane Bernbach. Bukoba kuna kiwanda cha Tanica kinachotengeneza kahawa ya unga ya Africafé tangu miaka ya 1960. Mitaani wapo vijana wenye madele na vikombe wanaouza kahawa na kashata kutwa, na wengi wao hawajui unga wao umetoka kwa mkulima wa wapi. Hawajawahi kuambiwa. Na katika mji wa Moshi, mahali kahawa inapopigiwa mnada, si ajabu mgeni wa hotelini akaletewa maji ya moto, sukari na kopo la kahawa ya unga iliyotoka nje, lenye picha ya mlima usio na jina.